Jinsi ya kusoma vitabu vya michezo ya kuimba na historia ya sinema bila kusinzia

Kuna aina ya vitabu watu wananunua kwa sababu ya picha ya kwenye kava, wanavifungua siku mbili alafu vinahamia juu ya kabati kula vumbi. Vitabu vya Broadway, yale maonyesho ya kumbi kubwa za New York, vya Hollywood ya zamani, maisha ya mastaa, jinsi muvi fulani ilivyotengenezwa. Sio kwamba vitabu vibovu, hapana, shida ni kwamba mtu anakisoma kama riwaya, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kimya kimya, sasa we utaelewaje kitabu kinachoongelea wimbo ambao hujawahi kuusikia? Mwandishi anakwambia hapa orkestra inapanda, hapa mwimbaji anashusha sauti, hapa ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, na we umekaa kwenye daladala unaangalia herufi tu. Lazima ikuboe.

Kwa hiyo kanuni ni moja na nyingine zote zinatoka humo: kitabu mkono mmoja, simu na hedifoni mkono wa pili. Aya ikitaja wimbo, simama hapo hapo, utafute, usikilize wote, alafu rudi usome ile aya tena. Ikitaja kipande cha muvi, hivyo hivyo. Ndio utasoma taratibu, kurasa kumi jioni nzima, hakuna anayekukimbiza. Na kama unawaza bando, pakua nyimbo za chapta moja ukiwa kwenye WiFi, mtu asikutishe, albamu nzima ya onyesho moja mara nyingi haifiki hata saa na nusu.

Usianze na libuku la historia nzima

Najua inavutia. Unaona buku la kurasa mia saba, historia ya sinema toka wale ndugu Lumière walipoonyesha picha zao Paris Desemba 1895 mpaka leo, unasema nikilimaliza hili mi ni profesa. Mabuku yale ni ya kurudia ukiwa na swali, lile la Kristin Thompson na David Bordwell kwa mfano ni zuri mno lakini limeandikwa kwa ajili ya darasa, mwalimu aligawe kwa wiki. Liweke pembeni, kazi yake itakuja. We chukua kitabu kinachohusu onyesho moja au muvi moja, basi. Humo kuna hela inayotafutwa, kuna watu hawapatani, kuna usiku wa ufunguzi, na historia inaingia yenyewe we unajua unafuatilia ugomvi.

Chukua mchezo wa kuimba wa Oklahoma!, wa mwaka 1943. Mtunzi wa muziki Richard Rodgers alikuwa ametunga miaka na miaka na mwandishi wa maneno ya nyimbo Lorenz Hart, ila Hart pombe ilikuwa imeshamzidi nguvu, Rodgers akaenda kwa Oscar Hammerstein, ambae nae alikuwa ametoka kwenye kipindi kirefu cha kubuma, kila akigusa kitu kinaanguka. Kampuni iliyokuwa inaandaa, Theatre Guild, hali yao kifedha ilikuwa mbaya. Na stori yenyewe imetolewa kwenye tamthilia ya Lynn Riggs ya 1931, wakulima na wachunga ng'ombe, haikuwa imetikisa mtu. Zama hizo watu wamezoea pazia likifunguka wanakutana na mstari wa wasichana wanarusha miguu, hapa pazia linafunguka kuna mama mtu mzima amekaa anasukasuka maziwa atoe siagi, na kwa mbali inasikika sauti ya mwanaume anaimba kuhusu asubuhi nzuri. Walipoanza kuonyesha kwa majaribio mji wa New Haven jina lilikuwa jingine kabisa, Away We Go!, wakapeleka Boston wanakata huku wanashona kule, wimbo wa Oklahoma wakaufanya wa kundi zima badala ya watu wachache, jina likabadilika, tarehe 31 Machi 1943 wakafungua New York na ikapigwa mara 2,212.

Sasa hiyo aya niliyoandika hapo ukiisoma hivi hivi ni habari tu. Fungua YouTube weka ule wimbo wa kwanza, sikiliza jinsi unavyoanza bila haraka, alafu fikiria mtu kalipa tiketi katikati ya vita kuu ya dunia anategemea miguu na utani, anapewa hiyo. Hapo ndo utaelewa kwanini walioona New Haven walikuwa na wasiwasi.

Chapta ya kukimbilia

Usione aibu kuruka. Vitabu vya maisha ya watu vinaanza na babu mzaa babu alivyotoka Ulaya na meli, ruka, utarudi ukishampenda mhusika. Mi naonaga mtu atafute kwanza sehemu onyesho linapopelekwa nje ya New York kujaribiwa. Ndo ulikuwa utaratibu, kabla ya Broadway unaenda New Haven, Boston, Philadelphia, unaonyesha kwa watazamaji wa kule wiki kadhaa, usiku watu wanacheka au hawacheki, asubuhi mnakaa hotelini mnaandika upya. Hakuna sehemu tamu kama hiyo manake unaona kazi inafanyika. Wimbo uliokuwa mzuri chumbani unakufa mbele ya watu elfu moja na hakuna anayejua kwanini, mpaka mtu mmoja anasema tuuhamishe mbele dakika kumi, unapona.

Kitabu bora cha hili, na hapa sibishani na mtu, ni cha Ted Chapin kuhusu mchezo wa kuimba wa Follies, kinaitwa Everything Was Possible. Chapin mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi wa chuo ana miaka 20, akapata kashughuli ka kutumwatumwa kwenye mazoezi, kaletee watu kahawa, kachape mabadiliko ya skripti kwa taipureta, na muda wote anaandika kila anachokiona. Kitabu kimetoka 2003. Uzuri wake ni kwamba yule kijana hana cha kutetea, hakuwa dairekta wala prodyuza, hajengi jina lake, anakwambia tu fulani leo aliingia amenuna.

Humo kuna stori ya Yvonne De Carlo, staa wa zamani wa Hollywood. Alipewa wimbo mmoja wa kuchekesha, Boston ukawa haufiki popote, wanajaribu kuubana wanajaribu kuurefusha wapi, mtunzi Stephen Sondheim akakaa akamwandikia mwingine kabisa, "I'm Still Here". Zoezi lako ni hili: kabla hujaendelea na chapta tafuta ule uliotupwa, "Can That Boy Foxtrot!", umerekodiwa, usikilize, alafu sikiliza uliochukua nafasi yake. Wa kwanza ni utani mmoja unanyoshwa nyoshwa, wa pili ni maisha ya mwanamke mzima, miaka arobaini ya Marekani imepita ndani ya dakika chache. Ukishasikia hizo mbili zimefuatana umejifunza kuhusu utunzi kuliko darasa.

Tahadhari kwenye albamu. Ile ya 1971 ya waigizaji wenyewe ilibanwa kwenye sahani moja ya santuri, nyimbo zingine zikakatwa na zingine hazimo kabisa, kwa hiyo ukiwa unasoma alafu wimbo huupati usidhani umekosea, tafuta rekodi ya ile konsati ya New York ya 1985. Hii inatokea kwenye maonyesho mengi, kwa hiyo zoea kuangalia albamu ni ya mwaka gani na ni ya waimbaji gani kabla hujaanza, kuna ya waigizaji wa kwanza, kuna ya London, kuna ya marudio, kuna ya muvi, na hazifanani hata kidogo.

Na kitu kidogo kinachowachanganya wageni: majina kwenye kava. Mara nyingi wapo watatu, anaetunga muziki, anaeandika maneno ya nyimbo, na anaeandika yale ya kuongea kati ya wimbo na wimbo. Huyu wa tatu ndo anasahaulika onyesho likitoboa na ndo analaumiwa likibuma. Ukiona kitabu kinamlaumu yeye peke yake kuwa makini kidogo.

Kurasa za hela usiziruke

Watu wanaona namba wanafunua. Jamani, soma. Prodyuza anakusanya mkwanja kwa wawekezaji, onyesho linajengwa, alafu kila wiki lina gharama zake, waigizaji, wapiga muziki, ukumbi, mafundi taa, kinachobaki juu ya hapo ndo kinaanza kurudisha kile cha mwanzo. Kwa hiyo onyesho linaweza kujaa, likasifiwa, likabeba tuzo na bado wawekezaji wakaondoka mikono mitupu. Hiyo hiyo Follies ilichukua Tony saba, yaani tuzo kubwa za Broadway, ikachezwa mara 522, na hela yote iliyowekwa ikapotea. Nguo, seti, waigizaji wengi, kila wiki inakula. Ukilijua hilo basi kila kitabu kikikwambia kitu kilikuwa "hiti" utakuwa unauliza kilirudisha hela au watu walipiga makofi tu.

Hapo ndo nafikia vitabu ninavyovipenda kuliko vyote, vya maonyesho yaliyobuma. Onyesho lililotoboa kila mtu anadai alikuwa anajua toka mwanzo. Lililobuma hakuna anaedai, kwa hiyo watu wanakuwa wakweli zaidi, au wanadanganya kwa namna inayoonekana. Alafu jambo lingine, lililotoboa unaweza kuliona, lililobuma lilishavunjwa mbao zikauzwa, kilichobaki ni kitabu.

Fanya hivi. Tafuta kitabu cha dairekta Julie Taymor kuhusu The Lion King ya jukwaani, ile iliyofunguliwa Broadway Novemba 1997, kina picha nyingi na michoro. Hii sisi tunaingia tukiwa na faida, Simba, Rafiki, Pumbaa, hakuna wa kututafsiria. Angalia alivyoamua kutomficha mwigizaji: kinyago kinakaa juu ya kichwa, uso wa mtu unaonekana chini yake, twiga ni mtu anatembea na magongo na hajifichi, we mtazamaji unaona mtu na mnyama kwa pamoja na akili yako inamalizia. Disney wangeweza kuweka watu ndani ya mavazi ya manyoya kama kwenye bustani zao za michezo, ingeuza, na tungeshaisahau. Mwaka 1998 akawa mwanamke wa kwanza kuchukua Tony ya kuongoza mchezo wa kuimba.

Ukimaliza hicho, wiki hiyo hiyo, fungua Song of Spider-Man cha Glen Berger, kinahusu onyesho la Spider-Man la Broadway. Dairekta ni yule yule Taymor, muziki wa Bono na The Edge wa U2, bajeti kama dola milioni 75, hakuna onyesho la Broadway lililokuwa limewahi kutumia hizo. Watu wanarushwa angani kwa nyaya juu ya vichwa vya watazamaji. Walianza kuonyesha za majaribio tarehe 28 Novemba 2010 na mitambo inagoma katikati ya onyesho, Desemba mwigizaji mmoja akaanguka toka juu mbele ya watu akaumia vibaya, tarehe ya ufunguzi inasogezwa, inasogezwa, Februari waandishi wa magazeti wakachoka kusubiri wakaandika maoni yao hivyo hivyo, na walichoandika sio kizuri. Machi Taymor akapigwa chini. Ufunguzi rasmi umekuja tarehe 14 Juni 2011 baada ya maonyesho 182 ya majaribio. Ikaendelea mpaka Januari 2014 na hela haikurudi.

Vikisomwa vimefuatana hivyo viwili vinakuwa kitabu kimoja. Ule ujasiri wa kusema hapana sifanyi mnavyotaka, ndo uliotengeneza Simba, na huku ndo uliokuwa unawagombanisha. Hayo ni maoni yangu, wengine watakwambia tatizo lilikuwa stori, wengine mitambo. Ila kumbuka Berger nani: ndo aliyeandika skripti na Taymor, na Taymor alipoondolewa yeye alibaki kuirekebisha. Kwa hiyo anaandika huku anajieleza kwanini alibaki. Sio kwamba ni muongo, ila kila akisema "nilikuwa sina la kufanya" we weka alama ya penseli pembeni.

Umbea ule, ila utafune kwanza

Vitabu hivi nusu ni umbea na ndo utamu wake, sasa umbea una kanuni. Aliyesimulia alikuwepo? Kasimulia miaka mingapi baadae? Na kwenye hiyo stori nani anatoka steringi? Kama msimuliaji kila mara ndo aliyeona mwanga wakati wengine wote vipofu, hapo punguza nusu.

Ile Oklahoma! ina sentensi maarufu, kwamba baada ya kuona New Haven kuna mtu alituma ujumbe New York: hakuna miguu, hakuna utani, hakuna matumaini. Tamu eeh? Sasa fuatilia vitabu tofauti, huyu anasema ni prodyuza Mike Todd, yule anasema ni katibu wa mwandishi wa umbea Walter Winchell, na hata maneno yenyewe hayalingani. Ukikuta stori ina baba wawili watatu hivyo usiitupe, inakwambia watu wa mjini walikuwa wanawaza nini, ila usimwekee mtu mmoja mdomoni.

Nyingine ni ya Singin' in the Rain, muvi ya 1952, ile Gene Kelly anacheza kwenye mvua na mwavuli. Watu wanasema maji yalichanganywa na maziwa ili mvua ionekane kwenye kamera. Imerudiwa mpaka ikawa kweli. Kilichofanya mvua ionekane ni taa, ukimulika mvua kwa nyuma matone yanang'aa, mpiga picha yoyote wa harusi za usiku anajua hili. Kitabu kikikupa maziwa bila hata kusita basi na vingine vilivyomo humo uvipime.

Na usiache kusoma historia ya muvi hiyo, nyuma yake kuna mchezo mtamu kuliko maziwa. Stori ni ya mwaka 1927, sinema inatoka kwenye ububu kwenda kwenye sauti, kuna staa mwenye sauti mbaya na binti anaejificha nyuma kumwazimia sauti. Binti ni Debbie Reynolds. Sasa ukweli wa studio: pale binti anaonekana "anaazima" sauti ya kuongea, sauti unayoisikia ni ya Jean Hagen, yule yule anaeigiza staa mwenye sauti mbaya, kumbe sauti yake halisi ilikuwa nzuri. Na kwenye ule wimbo wa "Would You?" Reynolds mwenyewe kaimbiwa na Betty Noyes. Muvi nzima inalaani wizi wa sauti huku yenyewe inaiba mbele ya macho yako. Isome, alafu rudi uangalie kipande hicho, mimi hapo nacheka kila mara.

Na 1927 yenyewe iweke sawa manake vitabu vya juu juu vinadanganya. The Jazz Singer ya Oktoba mwaka huo inaitwa muvi ya kwanza ya sauti, lakini sehemu kubwa ni bubu, maandishi yanatokea kwenye skrini kama kawaida, sauti ipo kwenye nyimbo na maongezi kidogo, na studio ya Warner walishatoa Don Juan mwaka mmoja kabla yenye muziki uliorekodiwa kwenye sahani inayozunguka sambamba na picha. Iangalie mwenyewe dakika ishirini tu utaona.

Habari za kuazima sauti hizi sisi tuliokulia picha la Kihindi tunaelewa haraka kuliko hata Mmarekani. Mtoto wa Tanga au Mombasa anajua toka zamani kwamba Raj Kapoor kwenye Awaara haimbi, anaimba Mukesh, na kwamba Lata Mangeshkar kawaimbia mastaa wa vizazi na vizazi, na Lata mwenyewe ni staa, jina lake linauza. Hollywood walificha. Marni Nixon kaimba kwa niaba ya Deborah Kerr kwenye The King and I mwaka 1956, sehemu kubwa ya nyimbo za Natalie Wood kwenye West Side Story 1961, na Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady 1964, na kwenye majina ya muvi hayumo. Julie Andrews ambae ndo aliyeicheza My Fair Lady jukwaani toka 1956 alinyimwa hiyo muvi, akaenda kufanya Mary Poppins, Oscar ya mwaka huo akachukua yeye. Nixon mwenyewe ukitaka kumuona sura yupo kwenye The Sound of Music ya 1965, mmoja wa wale masista. Kaandika kitabu cha maisha yake, kitafute, ukisome umeweka hizo muvi tatu karibu uanze kuwinda ni wapi sauti inabadilika mtu akitoka kuongea kuingia kuimba. Ukishaweza kuisikia ile nukta huwezi tena kuacha kuisikia.

Za sinema sasa

Hapa kanuni inageuka kidogo, badala ya hedifoni unahitaji kidole cha kusimamisha. Kitabu cha mahojiano ya François Truffaut na Alfred Hitchcock, cha 1966, ndo cha kuanzia kwa watu wengi na sina tatizo nacho, dairekta kijana anamuuliza mzee muvi moja moja, hii ulifanyaje, ile kwanini ilibuma. Usisome kuhusu muvi ambayo hujaiona. Simaanishi kwa sababu ya kuharibiwa mwisho, namaanisha hutaelewa wanabishana nini. Iangalie usiku, soma kesho yake, alafu rudi kwenye kile kipande kimoja walichokiongelea usimamishe picha kwa picha.

Kama unapenda stori ndefu yenye watu wengi, Mark Harris kaandika Pictures at a Revolution, kachukua muvi tano zilizogombea Oscar ya muvi bora ya mwaka 1967 akazifuata zote toka wazo mpaka sherehe. Moja ni Bonnie and Clyde, moja ni The Graduate, mbili kuna Sidney Poitier, na ya tano ni Doctor Dolittle, mchezo wa kuimba wenye wanyama wa kweli, ghali, na kila kitu kinaharibika. Kila ukifika kwenye kurasa za Dolittle utatamani ziendelee. Yaani hapo historia ya filamu na michezo ya kuimba inakutana: baada ya The Sound of Music kuingiza hela za kutisha kila studio ikataka ya kwake, na wengi wakazama.

Muvi bubu wengi wanaziogopa. Usiangalie kopi yoyote unayokutana nayo, nyingi zinakimbia kasi mno watu wanaonekana kama kuku, na muziki umewekwa wowote ule. Tafuta zilizorekebishwa, The General ya Buster Keaton ya 1926 ipo bure na halali, na kitabu cha kuambatanisha ni cha Kevin Brownlow cha 1968, The Parade's Gone By, aliwafuata wale watu wa zama hizo wakiwa bado hai akawahoji.

Na kuna kimoja ambacho nashangaa hakijulikani mitaani kwetu, cha Laura Fair, Reel Pleasures, cha 2018, kinahusu sinema za Tanzania, wenye kumbi na watazamaji. Majestic ya pale Vuga Zanzibar imo, drive-in ya Dar imo, tiketi za kulangua zimo, na jinsi watu walivyoipenda hiyo Awaara. Ni cha kitaaluma, kina maelezo ya chini mengi, lakini amehoji wazee kweli kweli. Huku ukikisoma mpigie bibi au baba mkubwa muulize alikuwa anaenda ukumbi gani, alikaa siti za bei gani, alitoroka shule au hakutoroka, na urekodi kwenye simu, utapata vitu ambavyo Fair hana. Hii ndo historia ya sinema ambayo we una nafasi ya kuichangia, za Hollywood wameshazichimba mpaka mwamba.

Kiingereza na wapi pa kuvipata

Vitabu vyote hivi ni Kiingereza, tusidanganyane. Ila Kiingereza cha hivi vitabu ni cha maongezi, kigumu ni majina ya kazi za steji, na hayo yanajirudia, ukishayajua kumi umemaliza. Maneno ya nyimbo ndo yana mitego, hapo wale wawili wa Sondheim, Finishing the Hat na Look, I Made a Hat, ni msaada mkubwa, kaweka maneno ya nyimbo zake mwenyewe na pembeni anajikosoa. Wimbo wa Maria wa "I Feel Pretty", kwenye West Side Story, anausema vibaya, kwamba kamwekea binti mgeni wa mtaani vina vya kisomi. Soma kwa sauti, utayasikia.

Bei mpya zinauma, sitaki kukuficha. Wauza vitabu vya mitumba Posta pale Dar na wale wa kuinama Nairobi, vitabu vya maisha ya mastaa vinapita sana, wauzaji wengi hawajui thamani yake, chambua chini kabisa ya rundo na uangalie kama kurasa za picha katikati hazijachanwa. Ndugu anaerudi toka nje mwambie mapema, mtumba wa kule unaweza kuwa rahisi kuliko mfuko alioubebea. Na kabla hamjaanza kuniomba PDF: Internet Archive ukijiandikisha bure kuna vitabu vingi vimeskaniwa unaazima kwa saa moja moja, saa ikiisha unaazima tena kama hakuna aliyekuwahi. Magazeti ya zamani ya sinema, Photoplay na wenzake, yapo bure kwenye Media History Digital Library, ukisoma kitabu kinachodai gazeti lilisema hivi unaenda kulifungua lenyewe. Tarehe za Broadway na onyesho limechezwa mara ngapi ziko kwenye IBDB, tovuti ya kumbukumbu za Broadway. Vipande vya jukwaani tafuta vya tuzo za Tony, kila mwaka maonyesho yanacheza wimbo mmoja mmoja kwenye TV na vingi viko YouTube, vile vya kurekodiwa kwa simu ukumbini achana navyo, unasikia mtu anatafuna bisi kuliko orkestra.

Kama una marafiki wawili watatu wenye ugonjwa huu fungueni kagrupu WhatsApp, chapta moja kwa wiki, aliyesoma kwanza atume linki za nyimbo kwa mpangilio wa kurasa. Wimbo wa mwisho wa onyesho asitume mpaka wote mmefika.